NAICS 551114 (namba ya aina ya biashara) kwa kampuni mama, ni sahihi kama nataka tenda za serikali hapa Marekani?

MamaTatu_Columbus

Wadau habari za wikendi, naombeni msaada maana nimekwama toka jana usiku, mume wangu kaenda kulala kaniacha na laptop mezani.

Niko Columbus, Ohio, mwaka wa tisa sasa. Tuna kampuni mbili za aina ya LLC. Moja ni ya usafi wa maofisi, hiyo naiendesha mimi, nina wafanyakazi 14, wengi Waswahili wenzetu na Wasomali. Nyingine ni ya kupeleka wagonjwa kliniki, hiyo anaiendesha mume wangu, ina magari 6. Mwaka jana mhasibu akatushauri tufungue LLC ya tatu iwe kampuni mama, ndo inamiliki hizo mbili asilimia mia, inalipa mishahara, inashika mahesabu, bima, kuajiri watu, ni ofisi moja tu na wadada wawili ndani.

Sasa nimeona tangazo la zabuni ya kusafisha kliniki ya maveterani, sio mbali na sisi, dakika 20 kwa gari. Nikasema ngoja na mimi nijaribu. Nikaingia SAM.gov, tovuti ya kusajili wanaotaka tenda za serikali kuu, nikaanza kusajili kampuni mama, maana ndo iliyo juu, nikaona ndo inayofaa kusimama mbele ya serikali. Nilipofika kwenye kuchagua namba za NAICS (nasema namba maana nikiandika kodi mtafikiri naongelea ushuru) nikatafuta mambo ya usimamizi ikaja 551114, ofisi za kusimamia makampuni. Nikaona hao ndo sisi kabisa, nikaiweka ya kwanza. Halafu nikafungua ritani ya kodi ya mwaka jana nikakuta mhasibu kaweka 551112. Na tangazo la zabuni lenyewe limeandikwa 561720. Namba tatu tofauti kwa familia moja!

Kwa hiyo ninachouliza, ipi ndo namba yetu ya kweli, na je nikiwa na 551114 nikaomba tenda ya 561720 wananitupa nje? Na kuna kampuni imenitumia barua pepe inasema usajili wangu utafutwa nisipolipa dola 599 ndani ya siku tatu, imeandikwa kama ya serikali kabisa, ina tai na bendera. Hiyo nilipe au?

Nyumbani Dar tulivyosajili kampuni BRELA (wakala wa usajili) tulichagua shughuli kwenye orodha ya kimataifa ya ISIC, na leseni ikafuata humo humo, ndo maana naogopa kukosea. Mnivumilie kwa urefu.

---

Wa_Kiambu_TX

Dada usilipe hio 599!! Kusajili SAM.gov ni bure, kurenew kila mwaka ni bure, UEI (namba yako ya SAM) ni bure, CAGE (namba nyingine ya kukutambua) ni bure. Hao ni watu binafsi, wanatoa anwani yako kwenye rekodi za SAM zenye ziko wazi kwa kila mtu alafu wanakutisha na deadline. Mimi nilipata barua ya karatasi kwa posta, envelopu ya kahawia na muhuri mwekundu, nikalipa 2021 juu nilikuwa naogopa kupoteza usajili. Walichofanya ni kubonyeza vitu nilikuwa naweza bonyeza mwenyewe. Angalia barua pepe imetoka wapi, kama haishii na .gov wachana nayo. Ukikwama kwa mtambo msaada ni fsd.gov, wanashika simu, ingawa utasubiri.

Mambo ya namba wacha wenye wanajua wakuje.

---

Fundi_Zabuni

Dada Columbus, pole, na hongera pia maana watu wengi hawafiki hata huko. Mimi naandika zabuni huku Maryland mwaka wa kumi na moja, nimesaidia kampuni ndogo nyingi za watu wetu, na hili swali lako la namba zinazoanza na 55 linarudi kila mara. Ngoja nilimalize vizuri.

Kwanza ondoa hofu ya BRELA. Huku NAICS sio leseni. Hakuna ofisi inayokupa hiyo namba wala inayokunyang'anya. Unajichagulia mwenyewe kulingana na kazi unayofanya, na unaweza kuweka nyingi, ila moja ndo unaiteua kuwa kuu. Huu mfumo ulianza 1997, Marekani, Canada na Mexico waliutengeneza pamoja ili takwimu zao zilingane, na unarekebishwa kila miaka mitano, wa sasa ni wa 2022. Ni kitu cha watu wa takwimu kwanza kabisa. Mambo ya tenda yalikuja kuegeshwa juu yake baadaye, na mkanganyiko wote unatoka hapo.

Kabla ya 1997 kulikuwa na mfumo wa zamani wa SIC. Kwenye SIC ofisi kuu ya kampuni ilikuwa inahesabiwa pamoja na kazi inayoihudumia. Ofisi kuu ya kiwanda cha magari ilihesabiwa kwenye magari, ofisi kuu ya maduka ilihesabiwa kwenye maduka. NAICS ikasema hapana, kila sehemu ihesabiwe kwa kile inachokifanya pale pale ilipo. Ofisi haitengenezi gari, inasimamia. Ndo wakaizalia fungu lake, fungu la 55. Ni fungu dogo kuliko yote ukiangalia matawi, lina namba tatu tu kwa Marekani:

551111 ofisi za kampuni zinazomiliki benki
551112 ofisi za kampuni nyingine zinazomiliki hisa tu
551114 ofisi kuu, za tawi au za kanda zinazosimamia kampuni zao

Tofauti ya hizo mbili za mwisho ndo inakuhusu. 551112 ni ile inayoshika hisa na kukaa, haiingilii uendeshaji. 551114 ni ile inayoendesha, inapanga mipango, inaamua, inalipa mishahara ya kampuni zake. Kwa ulivyoeleza, kampuni mama yenu ni 551114 kwa asili yake, na mhasibu wako hakukosea pia, maana orodha ya shughuli ya IRS (mamlaka ya kodi) kwenye fomu ya kodi ya 1120 imechukuliwa kutoka NAICS ila imefupishwa, kwenye fungu hilo ina 551111 na 551112 tu. Hiyo 114 haimo. Kwa hiyo akaweka iliyo karibu. IRS hawatakuja kugombana na SAM juu ya hilo.

Sasa njoo kwenye kiini. Soma tena maelezo ya 551114, ni ofisi inayosimamia kampuni ZAKE. Serikali sio kampuni yako. Hakuna afisa manunuzi anayeamka asubuhi akasema leo nanunua ofisi kuu. Ananunua usafi, ananunua usafiri, ananunua ushauri. Namba ya kwenye zabuni inapangwa na afisa manunuzi kufuatana na kile anachonunua, wala haangalii wewe umejiitaje. Ndo maana tangazo lako limeandikwa 561720, hiyo ni usafi wa majengo. Ingia USAspending.gov, tovuti ya matumizi ya serikali kuu, chuja kwa 551114, halafu chuja kwa 561720 au 561210 (kuendesha jengo zima), utaona mwenyewe hela iko wapi.

Kwa hiyo jibu la swali lako la pili: hawakutupi kwa sababu hiyo namba haimo kwenye orodha yako. Kinachotakiwa ni uweze kuthibitisha ukubwa wako chini ya namba ya zabuni HIYO. Ila iongeze 561720 kwenye usajili, ni dakika moja, na maafisa wanapotafuta nani yupo sokoni wanachuja kwa namba hizo.

Na sasa kosa kubwa zaidi, ambalo hukuliuliza. Unasajili kampuni isiyo sahihi. Anayesaini mkataba na kufanya kazi ndo anayesajiliwa. Nani ana wafanyakazi 14 wenye mop mikononi? Nani ana barua za wateja kwamba kazi ilifanyika vizuri? Ni LLC ya usafi. Kampuni mama haijawahi kusafisha hata choo kimoja, ukiiweka mbele afisa ataangalia kazi zilizopita ataona patupu. Sajili LLC ya usafi, kuu iwe 561720.

---

Simba_wa_Dallas

Mkuu Fundi umeeleza poa ila mimi naona tofauti kidogo. Mimi ningebaki na 551112. Kisa? Angalia jedwali la SBA (wakala wa serikali wa biashara ndogo), kikomo cha biashara ndogo kwenye 551112 ni dola milioni 45.5, wakati 561720 ni milioni 22 na 561110 (hizi kazi za kusimamia ofisi za watu) ni 12.5 tu. Unajiweka kwenye namba yenye dari la juu ili ukikua ubaki unaitwa mdogo. Rafiki yangu mmoja kafanya hivyo na SAM inamwonyesha ni mdogo.

---

Fundi_Zabuni

Mkuu Simba, nakuelewa lakini hapo ndo watu wanaumia. Namba zako ni sahihi. Ila dari linalotumika ni la namba iliyoandikwa kwenye zabuni, sio la namba kuu uliyojichagulia. Rafiki yako anaonekana mdogo chini ya 551112, sawa, lakini zabuni ikija na 561110 atapimwa kwa 12.5, na akijitangaza mdogo wakati kapita, hilo ni tamko la uongo kwa serikali kuu, wana sheria kali juu yake. Mshindani aliyeshindwa ana siku 5 za kazi toka aambiwe nani kashinda kupeleka pingamizi la ukubwa, na washindani wanapeleka kweli, sio mchezo.

Na angalia kitu kingine kwenye jedwali hilo hilo, fungu la 55 lina mistari miwili tu, 551111 na 551112. 551114 haina kikomo kabisa. Serikali yenyewe inakuonyesha kwamba haijaiweka kama kitu cha kununua kwa biashara ndogo.

Mtu ambaye kweli anauza usimamizi kwa wengine, yaani anaendesha ofisi ya mtu mwingine kwa malipo, mishahara, mafaili, ratiba, huyo ni 561110. Anayetoa ushauri wa uongozi ni 541611, dari milioni 24.5. Anayeendesha jengo zima la serikali, usafi, walinzi, matengenezo, barua, vyote kwa mkataba mmoja, huyo ni 561210, dari milioni 47. Nimeona kampuni nyingi zimejiita "management" kwenye jina zikakimbilia 55 kwa sababu ya neno tu. Jina la kampuni halikuamulii namba. Unauza nini na nani anakulipa, hayo mawili ndo yanaamua.

Ukiona afisa kaweka namba isiyolingana na kazi kwenye zabuni unaweza kukata rufaa kwa OHA, ofisi ya rufaa ya SBA, ila una siku 10 tu za kalenda toka tangazo litoke, na siku zinaenda haraka.

---

BintiMrima_613

Nachangia kidogo toka Ottawa kwa walioko huku, msichanganye. Canada tunatumia NAICS hiyo hiyo lakini tarakimu ya sita kila nchi ina yake. Huku kampuni za kushika hisa ni 551113 na ofisi kuu ni 551114. Hiyo 551113 Marekani haipo, na 551112 yao sisi hatuna. Tarakimu tano za mwanzo tunalingana. Kaka yangu aliko Buffalo alinakili yangu akakwama kwenye fomu nusu siku.

---

Kaka_wa_Lowell

Dada Columbus, Fundi amegusa namba vizuri, mimi naomba nikuambie habari ya undugu wa makampuni maana ilituchoma.

Mimi nina kampuni ya usafi, mdogo wangu wa damu ana yake ya kupanda bustani na kuondoa theluji. Kampuni mbalimbali, benki mbalimbali, hakuna anayemiliki hata senti ya mwenzake. Ila tulikuwa tunatumia ghala moja, pick-up yake naazima msimu wa baridi, na mke wangu ndo alikuwa anafanya mishahara ya pande zote mbili mezani kwetu. Tukaomba tenda iliyotengwa kwa biashara ndogo, tukashinda, mshindani akapeleka pingamizi. SBA wakaja na maswali, kurasa kwa kurasa. Ghala la nani, gari la nani, nani analipa mshahara wa huyu mama anayelipa mishahara. Nilikaa siku sita natafuta risiti za mafuta kwenye boksi la viatu.

Sheria yao inasema hivi, mume na mke, wazazi na watoto, ndugu wa tumbo moja, kampuni zao zinachukuliwa kuwa ni kitu kimoja kama zinafanya biashara pamoja au zinashirikiana vitu, mikopo, vifaa, sehemu, wafanyakazi. Unaweza kupinga kwa kuonyesha mmeachana kabisa kibiashara, lakini ni juu yako kuonyesha. Na mwenye asilimia 50 au zaidi ya kampuni nyingine anahesabiwa anaitawala, hapo hakuna mjadala. Wakishasema nyie ni kitu kimoja wanajumlisha mapato ya wote, ya ndani ya nchi na ya nje ya nchi. Kama una kampuni Arusha nayo inaingia kwenye jumla.

Kwetu sisi tulijumlishwa na bado tulikuwa wadogo sana, tukapona na mkataba tukaubeba. Lakini sikuwa nimelala vizuri wiki tatu, na tungejaza ukweli wote mapema tusingefika huko.

Kwa hiyo wewe na mume wako kwa jinsi mlivyokaa, kampuni mama juu na mbili chini, nyie ni moja mbele ya SBA. Usijaribu kuficha. Jumlisha yote matatu, ukiwa chini ya milioni 22 kwa wastani wa miaka mitano iliyofungwa, basi wewe ni biashara ndogo na hakuna wa kukusumbua.

---

MamaTatu_Columbus

Wakuu Mungu awabariki, yaani nimesoma mara mbili mbili na mume wangu kaamka kasoma pia. Kaka wa Lowell hiyo ya boksi la viatu imenigusa, mimi risiti zangu ziko kwenye mfuko wa Kroger.

Nimejumlisha. Zote tatu mwaka jana hazijafika hata milioni 2, na hela ya kampuni mama ni ile ile inayotoka kwa hizo mbili, inazunguka tu ndani. Hiyo inahesabiwa mara mbili? Halafu nimefungua usajili mpya wa LLC ya usafi, ikaniuliza mmiliki wa karibu na mmiliki wa juu kabisa, na CAGE yake. Kumbe kampuni mama nayo inahitajika? Na mimi bado ni green card, uraia naomba mwakani mwezi wa tatu, je naruhusiwa?

---

Fundi_Zabuni

Maswali mazuri. Moja moja.

Hela inayozunguka kati ya kampuni zenu wenyewe inaondolewa, haihesabiwi mara mbili, ila mhasibu akuandalie karatasi inayoonyesha hiyo. Usiiondoe kichwani tu.

Mmiliki wa karibu wa LLC ya usafi ni kampuni mama, ndiyo, inabidi umtaje pale pamoja na CAGE yake, ile namba ya tarakimu na herufi tano. Kwa hiyo ule usajili ulioanza jana haujapotea, umalizie, kampuni mama ipate CAGE, na HAPO ndo 551114 inakaa mahali pake halali. Inaeleza ukweli kuhusu ile ofisi yenye wadada wawili. Kila kampuni inapata UEI yake, ile ya herufi na tarakimu 12 iliyochukua nafasi ya namba ya zamani ya DUNS Aprili 2022, msitumie moja kwa zote. Na kila moja inahuishwa kabla siku 365 hazijaisha, weka kikumbusho siku 60 kabla.

Angalizo dogo linalochelewesha watu wiki nzima: jina na anwani viandikwe herufi kwa herufi kama vilivyo kwenye hati ya usajili wa jimbo. Nilikuwa na mteja hati yake imeandika Suite 204, bili ya umeme imeandika Ste 204, kwenye SAM kaandika #204. Walimrudisha mara tatu. Chagua karatasi mbili zinazofanana kabla hujaanza.

Uraia. Kujitangaza biashara ndogo ya kawaida hakuhitaji uraia, kinachotakiwa ni kampuni iwe ya faida, iwe na ofisi Marekani na kazi yake iwe inachangia uchumi wa hapa. Kwa hiyo zabuni iliyotengwa kwa biashara ndogo tu, bila kitu kingine, unaingia. Lakini mipango maalumu ya 8(a) (wenye mazingira magumu kijamii na kiuchumi), HUBZone (maeneo yaliyo nyuma kibiashara), na ule wa biashara za wanawake yote inataka raia wa Marekani amiliki angalau asilimia 51. Green card haitoshi. Subiri mwakani, na ukila kiapo anza na ule wa wanawake maana usafi wa majengo unaongozwa na wewe mwenyewe. Ila angalia vizuri umiliki, kwa sasa inayomiliki ni kampuni mama, na ule mpango wa wanawake unataka mwanamke amiliki moja kwa moja. Hapo itabidi mkae na mwanasheria mpange upya. Usikimbilie kubadilisha leo, ila jua kwamba muundo aliowapa mhasibu ni mzuri kwa kodi na unaweza kukufungia mlango huo.

---

Zulekha_Tysons

Naomba niongeze la hela, maana naona wote mnaongelea kuingia na hakuna anayeongelea kutoka salama.

Zabuni ya usafi ya serikali kuu, ikiwa zaidi ya dola 2,500, inakuja na sheria ya mishahara ya kazi za huduma. Ndani ya tangazo au kiambatanisho kuna karatasi ya viwango vya mshahara kwa kaunti yako, iko pia SAM.gov. Tafuta mstari wa mfagiaji, utaona kiwango cha saa, na CHINI yake kuna malipo ya afya na ustawi kwa kila saa, tena kuna siku za likizo na sikukuu. Dada mmoja nayemfahamu alishinda mkataba wa majengo mawili, alipiga hesabu zake kwenye daftari kwa mshahara wa saa tu, lile la afya hakuliona kwa sababu liko ukurasa wa pili. Miezi minne akawa anatoa mfukoni kwake kila wiki mbili, wafanyakazi walilipwa haki yao, yeye hakupata kitu mpaka mwaka ukaisha. Mwanamke mchapakazi, ananiuma mpaka leo.

Kwa hiyo kabla hujaandika bei chapisha hiyo karatasi, shika kalamu, piga mstari kila kitu chenye alama ya dola. Halafu nenda kwenye siku ya kutembelea jengo, usiache. Hesabu vyoo, angalia sakafu ya zulia ni kiasi gani na ya vigae ni kiasi gani, ile ya vigae inataka kukwanguliwa na kupakwa nta mara ngapi kwa mwaka. Kliniki sio ofisi, kuna vyumba vya wagonjwa vina masharti yake ya dawa za kusafishia na taka zake.

Na msaada wa bure upo, APEX Accelerators, zamani waliitwa PTAC, wako kila jimbo, Ohio wapo. Wanakaa na wewe wanasoma zabuni mstari kwa mstari, hawachukui hata senti. Wapigie Jumatatu.

---

Simba_wa_Dallas

Sawa nimeelewa, nafuta niliyosema kuhusu 551112. Namwambia na yule rafiki yangu leo leo maana ana zabuni ya 561110 anaiandaa na kampuni zake tatu nyingine hajazitaja popote.

---

Wa_Kiambu_TX

Alafu dada usianze na kubwa kama unaogopa. Tangu Oktoba 2025 manunuzi ya kati ya dola 15,000 na 350,000 kwa kawaida yanatengewa biashara ndogo kama afisa anatarajia angalau mbili zenye zinaweza kazi kwa bei ya haki. Ofisi ndogo ndogo, kituo cha kuajiri wanajeshi, ofisi ya msitu, hizo kazi ziko na watu wakubwa hawazitaki. Yangu ya kwanza ilikuwa ofisi moja ya vyumba vitano, mara tatu kwa wiki. Hio ndio nilionyesha mahali pengine kama kazi nimefanya.

---

MamaTatu_Columbus

Nimerudi kuwapa mrejesho. Barua ya 599 nimeifuta. Kampuni mama nimeimalizia na 551114 yake ikakaa. LLC ya usafi nimeiweka 561720 kuwa kuu, nikaongeza 561210 kisha nikaitoa tena, maana kweli hatuendeshi majengo, tunasafisha. Anwani nimeandika kama ilivyo kwenye hati, Suite kwa kirefu. Ya mume wangu ya wagonjwa tutaisajili mwezi ujao, tumeona 485991 ndo inayofanana na kazi yake, usafiri wa watu wenye mahitaji maalumu, kama nimekosea mniambie.

APEX nimewapigia, nina miadi Alhamisi saa nne asubuhi. Kutembelea kliniki ni Jumanne ijayo, naenda na msimamizi wangu wa zamu ya usiku, yeye ndo anajua sakafu kuliko mimi. Dada Zulekha karatasi ya mishahara nimeichapisha, kurasa zote, hilo la afya kweli liko ukurasa wa pili.

---

Fundi_Zabuni

485991 iko sawa kwa kazi aliyoieleza mumeo. Alhamisi peleka hati za LLC zote tatu na ile karatasi ya mapato ya miaka mitano, hata kama kampuni mama ina mwaka mmoja tu. Na muulize swali hili la kwanza kabisa kabla ya bei: zabuni hii imetengwa kwa biashara ndogo za kawaida, au kwa biashara za maveterani? Idara ya maveterani wana utaratibu wa kuwapa kipaumbele maveterani wenyewe wenye kampuni, tena waliohakikiwa. Kama tangazo lina maandishi ya SDVOSB (kampuni za maveterani waliopata ulemavu kazini) pale juu, hiyo sio yako, usipoteze wiki mbili kuiandika. Angalia sasa hivi, kwenye ukurasa wa kwanza, kisanduku cha 10 kama fomu ni SF 1449.

---

MamaTatu_Columbus

Nimeangalia. Kisanduku cha 10 kimewekewa alama ya biashara ndogo, asilimia 100, na 561720 na dola milioni 22 ziko hapo hapo chini. Hakuna alama kwenye cha maveterani. Tunaenda Jumanne.